Kilima cha Erchie Buchan na Kengele Yake

Erchie Buchan aliuza nyama katika kijiji cha Balmarrow maisha yake yote, na maoni aliyatoa bure. Mengi yalihusu viwanja vya gofu. Ulikwenda kununua soseji ukarudi na soseji na hukumu: uwanja fulani ni zulia la hoteli tu, na ule mpya wa kule kusini una maporomoko ya maji, "na samaki hamna, nimeuliza." Uwanja uliofaa kuonwa duniani ulikuwa mmoja, nao ulianzia nyuma ya bucha lake. Vingine aliviona kwenye televisheni, akavihurumia.

"Uwanja wetu ulichorwa na kondoo," alikuwa akisema huku anakata mbavu. "Walikuwa wanaukimbia upepo, wakajichimbia. Kila walipolala pakabaki shimo la mchanga la kumtesa mtu. Hakuna mbunifu kama kondoo. Na akizeeka, unamla. Hawa wabunifu wa siku hizi hata hawaliki."

Siku hizo watu walikuwa na nafasi ya kusimama buchani wakasikiliza. Sasa duka lile linauza mishumaa ya kunukia, na hakuna anayebishana na mshumaa.

Haki ya kusema hivyo Erchie aliipatia ujanani, kwenye shimo la saba, yaani kipande cha saba cha uwanja. Pale mchezaji haoni anakopiga. Mbele yake kuna kilima cha mchanga kilichoota nyasi, na juu yake nguzo nyeupe, basi. Unalenga nguzo, unapiga, mengine unamwachia Mungu. Ukishamaliza upande wa pili unapiga kengele, ili walio nyuma wajue hawatampasua mtu kichwa. Siku moja Erchie alipiga, akapanda kilima, akashuka upande wa pili, akaukuta mpira wake umetulia ndani ya tundu la bendera. Pigo moja! Alinywesha kijiji kizima wiski, kama desturi ilivyomtaka, na mpira ukawekwa kwenye rafu juu ya meko, ndani ya kikombe cha yai, kile cha kusimamishia yai la kuchemsha. Tangu hapo, mtu akimpinga jambo lolote la gofu, alimuuliza neno moja tu: "Umewahi?"

Basi klabu ya gofu ikamleta Bwana Prentice kutoka Edinburgh, mbunifu wa viwanja, mwenye suruali isiyojua tope, aje akisawazishe kilima kile. Wageni, alisema, wanataka kuona wanakopiga. Jumamosi asubuhi kamati ya klabu ikakusanyika, tingatinga likiwa tayari linanguruma. Erchie alikuja amevaa suti yake ya mazishi.

"Mzee Buchan," alisema Prentice kwa upole wa daktari, "mchezo wa haki ni ule unaouona."

"Kwani ulipooa uliona unakokwenda?"

Kamati ikaangua kicheko. Prentice akawa mwekundu hadi masikioni.

"Piga, bwana," Erchie akamwambia. "Piga hata mara moja kabla hujakiua."

Prentice akapiga, labda ili wanyamaze. Mpira ukapita juu ya nguzo ukapotea. Wakapanda kilima wakihema. Upande wa pili alisimama Teenie, mke wa Erchie, na kikapu chake, amekuja na chupa ya chai kwa njia ya ufukweni.

"Mama, umeona mpira?"

"Nimeona kitu kinabiringika huko benderani. Mimi najua nini?"

Prentice akainama kwenye tundu. Akapiga ukelele, akarusha kofia, akamkumbatia mwenyekiti, kisha dereva wa tingatinga.

"Kilima hiki hakiguswi!" alipaza sauti. "Hakiguswi! Uzuri wa shimo hili ni kutoona! Hili ni la kufungiwa safari!"

"Mimi nilisema nini miaka yote?" akauliza Erchie, lakini kamati ilikuwa imekwisha kumchukua Prentice akawanunulie wiski.

Akabaki yeye na mkewe. Nyasi zilikuwa zimelowa umande, na juu ya umande hapakuwa na njia ya mpira. Kando ya nyayo pana za kamati palikuwa na nyayo ndogo za viatu, kwenda tunduni na kurudi.

"Teenie."

"Mm."

"Huu umande una nyayo."

"Na watu wana miguu. Kunywa chai."

Ndipo Erchie akakumbuka siku ile ya ujana. Teenie, binti wa muuza samaki, alikuwa amesimama papa hapa karibu na kengele, anacheka hadi machozi. Alidhani binti anaifurahia sifa yake. Mwaka ule ule akamwoa.

"Na ule wangu?" aliuliza polepole. "Ule wa kwenye kikombe cha yai?"

Teenie akafunga kifuniko cha chupa.

"Ulikuwa ukikosa unanuna wiki nzima. Haya, piga kengele, mume wangu, walio nyuma wanasubiri."

Erchie akageuka akakitazama kilima, kinene, kipana, kisichopitisha jicho la mtu. Kwa mara ya kwanza akauelewa uzuri wake wote. Akapiga kengele.