Funza wa Kihenge cha Mama Nyabise

Nakumbuka siku moja kule Guta, mwanangu, na hadi leo nikiikumbuka nainamisha kichwa. Nilikuwa bwana shamba mgeni, suruali imepigwa pasi, najiona mtu kweli. Ilikuwa miaka ile ya shida, madukani hata sabuni hakuna, na dumuzi ndiyo kwanza anasikika, mdudu anayegeuza mahindi na makopa kuwa unga. Tulikuwa tumeambiwa: ukimwona, choma.

Mama Nyabise alikuwa mjane wa watoto watano. Kihenge chake cha kuhifadhia mahindi kilisimama juu ya magogo yenye magome yaliyooza. Nikabandua gome moja kwa ncha ya kiatu. Loo! Funza weupe, wanene kama kidole. Nikatamka palepale, "Dumuzi! Kihenge kichomwe leo."

"Baba, hao wanakulaga magome tu," akasema. "Tunawaonaga kila mwaka. Piga goti uchungulie, mti wenyewe mzima. Na mahindi yangu uyaangalie."

Mimi nipige goti kwenye mavi ya mbuzi? Nikamkaripia, "Mama, nani amesoma hapa, mimi au wewe?" Akahamishia mahindi chumbani, chini ya paa la nyasi linalovuja, kisha kiberiti akawasha mwenyewe.

Funza watatu niliwapeleka ofisini Musoma ndani ya kopo, nikitegemea sifa. Mkubwa wangu alicheka mpaka akakohoa. "Dumuzi anakulia ndani ya punje, we bwana! Hawa ni watoto wa mbawakavu, wanakula magome yaliyooza. Mahindi hawana habari nayo."

Nilirudi Guta nimeazimia kuomba radhi. Nikamkuta anaanika mahindi yaliyolowa, mengine yameshaota. Majirani wamekaa naye.

"Bwana shamba, majibu yamekuja?"

Nikawatazama wale watu. Nikasema, "Yamekuja, mama. Walikuwa dumuzi kweli."

Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Asante, baba. Na mimi nilivyokubishia! Nisamehe." Akanipa kuku. Nilimpokea, mwanangu, na nilimla. Mama wa watu alifariki kabla sijapata moyo wa kumwambia ukweli.

Ndiyo maana nakusihi: usikitolee hukumu kitu ambacho hujakiangalia vizuri, na anayeishi nacho msikilize. Ukikosea, rudi upesi useme umekosea, mbele ya haohao waliokusikia. Usije ukaombwa msamaha na mtu uliyemdhulumu, ukaupokea kama mimi. Mungu akuepushe na hilo, akupe maisha marefu na usingizi mzuri.