Hewala Haigombi, Wala Haipasi Mtihani

Nimekulia Maskati katika nyumba ya Kizanzibari, na kwetu mtu hakatai kitu usoni. Ukiulizwa pilau au biriani, unasema zote nzuri. Khalati, dada wa mama, akikwambia njoo Ijumaa, na ami naye akakualika Ijumaa hiyo hiyo, wote unawajibu hewala, halafu Mungu anajua. Hewala haigombi, mama alitufunza hivyo, na mimi nilishika somo kuliko wote.

Sasa mshika somo huyo akataka kwenda ng'ambo kusoma sheria. Mtihani wa kuingilia ulikuwa na insha: unapewa mtu mwenye njia mbili, kila moja ina uzuri na ubaya wake, nawe uchague moja uitetee. Jibu la makosa hakuna. Nikasema, ah, mteremko huu!

Insha ya kwanza ya mazoezi ilikuwa ya mwenye mkahawa: afungue tawi la pili, au apanue lile alilo nalo? Nikaandika, nikampelekea kaka yangu kwake, mtaa wa Qurum, maana yeye ni wakili. Alisoma huku mabega yanamtikisika kwa kicheko.

"We, hii insha au usuluhishi wa ndoa? Umemsifu huyu, umemsifu yule, mwisho unawaambia wakae washauriane!"

"Si ndio uungwana?"

"Uungwana huo utakufelisha. Chagua!"

Nilimnunia jioni nzima, na mimi kwa kununa sijambo. Lakini alisema kweli. Kila nilipojaribu tena, mwisho kalamu iliniponyoka: hata hivyo, njia ya pili nayo si mbaya.

Na nyumbani nilikuwa hivyo hivyo. Baba alishatangulia mbele ya haki, kaka ana kwake, nyumbani tumebaki wawili, mimi na mama. Tangu nimtajie safari alikuwa akiniuliza, "Mwanangu, unataka kwenda kweli?" Nami namjibu, "Unavyoona wewe, mama." Anatikisa kichwa, anarudi jikoni.

Insha ya mtihani wenyewe hufanywa nyumbani, kamera ya kompyuta inakukodolea jicho, na chumbani asiingie mtu. Mama akaweka kiti nje ya mlango wangu. Jirani alikuja na sahani ya halua, nikamsikia mama akimrudisha kwa kunong'ona, halua akaibakiza. Swali likaja: mji mdogo ujenge bustani au maktaba? Nikashika maktaba, na bustani nikaisema mpaka basi. Raha iliyoje! Sikumwonea mtu haya hata kidogo.

Nilipotoka, mama akataka kujua nimeandika nini. Nikamweleza.

"Maktaba? Ebo! Na watoto wakacheze wapi, juu ya vitabu?"

"Hapana mama, hapo umekosea."

Nilikuwa sijawahi kumwambia mama kakosea. Akavuta kiti, akaitetea bustani yake kwa mikono miwili, nami nikamjibu neno kwa neno, tunacheka, tunakatizana, halua inakwisha. Mara akaniwekea mkono gotini.

"Kumbe unajua kukataa! Basi nijibu na hili. Unataka kwenda, au unataka kukaa na mimi?"

"Nnataka kwenda, mama."

Machozi yakamtoka, na huku anacheka. "Alhamdulillahi," akasema. "Nilikuwa nikichelea utabaki kwa adabu tu."