Nyota ya Daktari Aránguiz

Eduvina Liendro alikuwa mpishi katika kituo cha kusikiliza nyota, juu ya mlima katika jangwa la Atacama. Kwa miezi saba alikuwa na kinyongo, akikipika kwa moto mdogo kama patasca, mchuzi wake wa mahindi na nyama ya lama.

Kaka yake Fidencio alilinda geti la kituo miaka kumi na minane. Siku moja mkuu wa kituo, Daktari Aránguiz, aliona alama za ajabu kwenye mitambo, akamkuta Fidencio na kiredio cha kusikilizia mpira. Pale mlimani kiredio ni dhambi, maana sahani kubwa ya chuma inayosikiliza nyota hunasa hata mnong'ono wa mawimbi ya redio. Akamfukuza mbele ya watu wote.

"Mlima huu hauna nafasi ya wajinga!"

Fidencio alishuka, akajifungia ndani kwa aibu. Alama hazikukoma. Je, Daktari aliomba radhi? Thubutu! Alidai zinatoka kwenye nyota, akaalika wakubwa kutoka mji mkuu, Santiago, waje kuzishuhudia.

Eduvina alijua zinakotoka. Kila mchana Daktari alipasha bakuli lake la patasca kwenye maikrowevu ya jikoni, na kwa pupa yake hakungoja kengele, aliuvuta mlango chombo kikiwa bado kinanguruma. Mawimbi yake yalivuja, na papo hapo mstari wa alama kwenye skrini ya mitambo, chumba cha pili, uliruka. Mama huyu aliona, akanyamaza. Alitaka siku yenye watu.

Siku ikafika.

"Mawimbi haya hayahitaji hewa wala maji," Daktari aliwaambia wageni mbele ya skrini. "Yamevuka utupu kwa kasi ya mwanga, miaka elfu tatu, hadi hapa!"

"Hatua kumi na mbili tu, Daktari," Eduvina akasema kwenye mlango wa jikoni.

"Mama, hebu rudi jikoni."

"Narudi. Wewe kodolea macho skrini yako."

Akawasha maikrowevu wote wakimwona, akavuta mlango wake kabla ya kengele. Mstari ukaruka. Akarudia. Ukaruka tena. Mgeni mmoja akaangua kicheko, na wenzake wakashindwa kujizuia. Daktari akabadilika rangi. Eduvina aliona raha, wala hakuificha.

"Nyota yako ni mchuzi wangu, baba. Na kosa ni la mkono wako, si la kiredio cha kaka yangu. Mlima huu hauna nafasi ya nani, vile?"

Daktari akaja jikoni, wageni nyuma yake. Eduvina akanyanyua mkono wa simu ya waya, uliokuwa umelazwa mezani, laini ikiwa wazi, tangu wageni waingie, akamkabidhi.

"Fidencio yuko hapo, amesikia yote. Muombe radhi, na sema kwa sauti, wageni wasikie."