Mama Aligeuza Kiti Akaangalia Ukuta

Leo nimemwomba dadangu msamaha mbele ya watu, nguo zinanichuruzika maji.

Tulitoka Suna asubuhi kuja Homa Bay, kwa hoteli yenye bwawa la kuogelea. Mimi, mume wangu, dadangu Achieng na Mama.

Achieng alibeba bikini. Mimi nilibeba nguo ya kuogelea ya mikono mirefu, inafika magotini. Tulibishana njia nzima. Hadi tunakaribia Homa Bay bado namwambia, "Utamwaibisha Mama."

Tukaingia majini. Kidogo kuangalia, Mama amegeuza kiti, anatazama ukuta.

"Si nilikuambia?"

Maskini Achieng akatoka, akajifunga leso hadi kwapani.

Mama bado anatazama ukuta.

Nikaenda nikachuchumaa kando yake. "Mama, Achieng amejifunika. Geuka tu."

Akasema polepole, "Achieng nimemwosha tangu azaliwe. Ana nini nisichojua? Ni huyo bwana yako. Mkwe anatembeaje kifua wazi mbele ya maro wake?"

Woi.

Maro ni mama mkwe. Kwetu mkwe hata kula mbele yake anaona haya. Na huyu wangu alikuwa na kaptula pekee, tumbo mbele, anapiga mbizi.

Tangu Suna tulikuwa tunapima nguo za wanawake tu.

Sasa mume wangu yuko majini na shati ya kanisa, vifungo vyote hadi shingoni. Mama amegeuza kiti. Achieng ametupa leso.

Niambieni ukweli: kuna mtu hapa amewahi kuuliza mumewe atavaa nini?