Fimbo za Nyumba kwenye Kona ya Musonoi

Niliondoka Manika, huku mjini, kwa sababu ya mdogo wangu Mbuyu. Alikuwa na mtoto mchanga, amejenga chini kabisa karibu na mto Musonoi, na mvua za mwaka ule zilikuwa haziachi. Nilitaka kumleta mjini kabla mto haujamhamisha wenyewe. Nanyi akina mama wa kanisa letu mliniomba niangalie na watu wengine wa kule, maana wengi mna ndugu huko. Basi naandika nilivyoona. Shule yangu ni ndogo. Penye sikujua, nitasema sikujua.

Asubuhi nilishika njia ya Kingamyambo, unga kichwani na nguo za mtoto mgongoni. Zamani njia ile mtu alipita akipiga kelele ili mwenzake asikie, kwa sababu ya mashine. Sasa kimya. Kazi ya kampuni ya shaba ilikuwa imeanguka, na walinzi wamekaa mbele ya lango, mmoja anamsukia mwenzake kikapu. Watu nilioonana nao walikuwa wanakuja upande wa mjini na magodoro, masufuria, kuku. Ni wenye asili ya Kasai, jimbo la jirani. Babu zao waliletwa kuchimba shaba, wao wenyewe wamezaliwa hapa, lakini mwaka ule waliambiwa warudi kwao, na walikuwa wanakwenda kungoja gari la moshi. Mimi ni wa kaskazini ya Katanga, jimbo hili hili, hakuna aliyenisumbua. Nilisalimia. Wengine waliitika, wengine hawakuitika, na sikuwalaumu.

Mchana nikafika kwa Mbuyu. Alikuwa anatwanga, mtoto mgongoni, na mto ukipita nyuma ya jiko lake kama jirani. Nilipomwambia afunge vitu twende, alinicheka, mimi dada yake mkubwa, mpaka mchi ukamtoka mkononi.

“Yaya, wewe wa mu Manika unaogopa hata mayi ya mu kopo.”

Akanieleza, na nilipaswa kusikiliza, maana nilikuwa nimekuja na hotuba yangu tayari. Zamani watu wa pale walisoma mto kwa rangi. Maji yalikuwa meupe kama ya kuoshea unga, kwa ajili ya vumbi la mawe yaliyosagwa kule kiwandani. Mvua kubwa ikinyesha juu, weupe unamezwa na udongo, maji yanageuka mekundu. Wakiona wekundu, wanapanda. Kiwanda kiliponyamaza, maji yakawa safi, unaona hata mawe ya chini. Watu wakafurahi. Wakasema kumbe mafuriko yalikuwa ya kiwanda, na kiwanda kimekufa, kwa hiyo mafuriko nayo yamekufa. Wakasogeza nyumba na bustani chini zaidi. Mvua zilizofuata zikaja zikabeba mbuzi, milango, na mzee mmoja ambaye hakuonekana tena.

Tangu pale hawasomi rangi, wanasoma fimbo. Juu, mto unapokata kona, kila nyumba ina fimbo yake imechomekwa ukingoni. Maji yakifika kwenye fimbo, wanasema imekunywa, na mwenye nyumba anapigiwa chuma.

“Fimbo yangu ikikunywa, mama Ngalula wa pale kona atapiga, mi nitabeba mutoto nipande,” Mbuyu akasema. “Kama haijakunywa, nitakimbia nini?”

Ngalula ni jina la Kasai. Nikamuuliza: na yeye akiambiwa aende?

Mbuyu alimtoa mtoto mgongoni, akampa titi ingawa hakuwa analia.

Kesho yake nikapanda mpaka kwenye kona. Nilitaka kuona huyo ambaye mdogo wangu amemwachia roho ya mtoto. Mama Ngalula alikuwa mwanamke mfupi wa sauti nzito. Mume wake, tata Mukendi, alikuwa anafunga mizigo kwa kamba uani. Waliambiwa waondoke siku ile ile.

Hata hivyo alinishika mkono akanionyesha fimbo. Hakuna aliyepangiwa fimbo yake na mtu mwingine. Mto ulipofika karibu na mlango wako, wewe mwenyewe ulikuja mbio kwenye kona na kuchomeka fimbo pembeni ya maji, chini kidogo, ili upate nafasi ya kukimbia. Kwa hiyo hakuna wa kusema amedanganywa. Nyingine zilifungwa kitambaa, nyingine zilichongwa. Ya Mbuyu ilikuwa ya chini kuliko zote, na kitambaa chake nilikijua, kilikuwa cha gauni langu la zamani. Kwenye mti kulitundikwa kipande cha reli. Ukipiga, nyumba ya kwanza ya chini inajibu kwa rimu ya gari, halafu inapitisha kwa wengine. Sharti lao ni moja: huachi kupiga chuma mpaka wa chini ajibu.

Nilimuuliza nani atabaki nacho. Akasema ameshaonyesha kila aliyetaka kuonyeshwa, na vijana wanaowafukuza ili waichukue nyumba hawajataka kuonyeshwa. Alisema bila hasira. Mimi ningekuwa na hasira.

Mchana wingu lilikuwa jeusi upande wa juu, na vijana hao wakafika. Mkubwa wao aliitwa Numbi, na mama yake anakaa kule chini. Nimesikia ya sehemu nyingine, watu kupigwa na nyumba kuchomwa. Pale sikuona mtu akipigwa, na sitaongeza nisichoona. Lakini walisema vibaya. Numbi alimwambia tata Mukendi, mtu wa umri wa baba yake, kwamba barabara inajulikana iko wapi. Mzee akajibu kwamba anaijua, aliitengeneza.

Mvua ikatukuta pale. Nao mto, ambao asubuhi ulikuwa na sauti ya mtu anayenong’ona, ukaanza kuvuta matawi, kisha miti mizima. Tata Mukendi alikuwa ameshabeba mzigo. Mama Ngalula aligeuka mara moja kuangalia ukingoni. Kitambaa cha gauni langu hakikuonekana tena.

Akatua furushi kwenye matope, akachukua nyundo, akapiga.

“Mama, acha,” Numbi akasema. “Hii haiko tena kazi yenu.”

Yeye aliendelea kupiga. “Fimbo ya mama yako njo ile ya pili. Angalia. Inabakia kidole kimoja ikunywe.”

Numbi akaangalia. Sote tukaangalia. Chini hakuna aliyejibu, mvua ilikuwa inameza sauti. Alipiga, akangoja, akapiga tena. Mume wake alimwita kwa lugha yao, akamjibu kwa neno moja tu. Mimi nilikuwa nimesimama mkono mdomoni, badala ya kukimbia kwa mdogo wangu. Hadi leo sijui kwa nini. Mikono ya mama Ngalula ilipoanza kushuka, Numbi alimpokonya nyundo. Niliwaza ataitupa mtoni. Akapiga yeye, kwa nguvu zote, kama mtu anayevunja mlango.

Ndipo rimu ikajibu, mbali, hafifu.

Mama Ngalula alisikiliza mpaka wa pili naye akapitisha. Kisha akafunga vizuri kitambaa chake cha kichwa, akabeba furushi. Numbi alimwambia mwenzake mmoja awasaidie mizigo mpaka barabarani. Hilo niliona, na ni haki niliandike. Lakini hakuwaambia wabaki.

Jioni nilimkuta Mbuyu kwenye kilima, amelowa, mtoto amelala ndani ya sufuria kubwa iliyofunikwa nguo. Mama yake Numbi alikuwa kando yake, anauliza wote habari za kuku wake. Kwenye nyumba ya Mbuyu palibaki mawe ya jiko tu. Watu wote walikuwepo. Walihesabiana kwa majina, na hakuna jina lililokosa mwenyewe.

Niliporudi mjini nilipita stesheni. Familia zilikuwa zimelala chini, mvua inawanyeshea, na gari la moshi halijulikani litakuja lini. Nilimtafuta mama Ngalula mpaka nikamwona chini ya turubai. Hakunisalimia, aliuliza kwanza kama watu wote wa chini wamepona.

“Bote?”

“Bote, mama. Na mutoto.”

Alimgeukia mume wake akamwambia kwa lugha yao. Mzee akajifunika uso kwa kofia. Nikakaa nao kidogo kisha nikaenda.

Nilichojifunza ni kwamba nilikosea kuwaza ni fimbo zinazookoa watu. Mbuyu alikataa kuja mjini, akajenga tena, juu kidogo. Fimbo zipo bado, na chuma kipo. Numbi ndiye anapiga sasa, na kwa haki nasema hakosi, hata kwenye mvua mbaya. Lakini Mbuyu ameniambia kwamba siku hizi chuma kikilia, kwanza wanamtuma mtu akaangalie kama fimbo imekunywa kweli. Wakati wa mama Ngalula, yeye Mbuyu alikuwa anabeba mtoto na kupanda bila kuuliza.