Waya Uliokatwa Upande wa Nzuguni

Siku yangu ya kwanza kazini, Fundi Danieli aliniamuru nionje waya. Nilidhani ananitania. Nikagusa kwa ncha ya ulimi, nikaruka nyuma, naye akacheka hadi akashika magoti.

"Ladha yake?"

"Kali, Baba. Kama chumvi iliyochacha."

"Hayo ni maneno ya Bwana Mkubwa yanapita kwenda Tabora. Ukionja usisikie kitu, jua waya umekatika mahali. Chukua viatu, tuondoke."

Ndivyo tulivyoipima simu zama za Wadachi, kabla reli haijafika Dodoma. Viatu alivyovitaja vilikuwa vya chuma, vyenye meno ya kung'ata nguzo wakati wa kupanda. Kule juu waya ulishikwa na kikombe cha kauri, maana ukigusa mti uliolowa mvua, maneno huzama ardhini. Kila fundi alikuwa na kipande chake cha njia, mwendo wa siku mbili au tatu, na kwa kipande hicho alijibu yeye mbele ya Bwana Simu, Mdachi aliyetusimamia sote kutoka bomani.

Adui yetu mkubwa alikuwa twiga, ambaye hupita na waya shingoni pasipo habari. Waya uliovutwa na twiga huwa mwembamba nchani kama mkia wa panya. Uliokatwa kwa shoka huwa bapa. Tofauti hiyo ilikuwa nzito: ncha zilipelekwa bomani, na zikiwa bapa, mwizi asipopatikana, jumbe na wanaume wa kijiji walichapwa viboko hamsa ishirini kila mmoja.

Mwaka wangu wa pili, upande wa Nzuguni, tulikuta pengo la hatua kumi. Ncha zilikuwa bapa.

Hatukutafuta mbali. Kwenye tembe ya karibu mama mmoja kijana alitupokea kwa salamu ya Kigogo, "Mbukwenyi", na kibuyu cha maziwa, mikono yake ikimetameta kwa bangili mpya hadi kwenye viwiko. Mumewe, mchunga ng'ombe, hakuficha neno.

"Ule uzi ulikuwa umelala tu huko juu," alisema. "Hata mbuzi haufungi. Nikasema, bora umpendeze mke wangu."

"Umempendeza kweli," Danieli akasema. Kisha akaketi, akamweleza polepole waya ule ni wa nini na adhabu yake ni nini. Mkewe alianza kuvua bangili, moja baada ya nyingine.

Tulipokwisha kuunga waya, nilimwambia fundi wangu, "Baba, tuseme ni twiga. Nitazisugua hizi ncha kwa tupa, hatajua mtu."

"Twiga amekukosea nini hata umsingizie?" Akazifunga ncha kitambaani kama zilivyo. "Jumapili nasimama mbele ya watu nawafundisha wasiseme uongo."

Niliona ugumu wa dini yake, nikawahurumia wale watu.

Bomani Bwana Simu alizitazama ncha, akauliza ni nani.

"Namjua, Bwana, lakini simtaji. Hakujua anachokata. Kipande ni changu. Miaka yote nimepita pale, sikuwahi kuketi na watu wale niwaeleze waya ni kitu gani. Kosa ni langu, nijibu mimi."

"Utachapwa, na kazi huna."

"Nimesikia, Bwana."

Bwana Simu akanigeukia. "Na wewe? Unamjua?"

Danieli hakunitazama. Angenitazama, labda ningepata nguvu. Nikasema, "Sijui, Bwana."

Alichapwa mchana ule ule uani. Kabla jua halijatua nilikwisha kukabidhiwa kipande chake.

Nzuguni hakuguswa mtu. Tangu hapo yule mchunga ng'ombe akawa jicho la njia: waya ukilegea tu, alinifuata mbio kunipa habari. Danieli alirudi kulima uwele Miyuji. Ilinichukua miezi mingi kumwendea. Nilimkuta akipalilia.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, fundi." Hapakuwa na kejeli ndani yake.

"Nilidanganya siku ile."

"Nilisikia."

"Niliogopa."

"Hata mimi niliogopa. Shika jembe, magugu hayasubiri."

Baada ya Wadachi nilitumikia Waingereza, nikastaafu kwa heshima, na siku ya kuagwa walinisifu kwamba maneno hayakupata kukatika kwenye kipande changu. Ninyi vijana mnapoisifu huruma, nami huisifu pamoja nanyi, lakini najua ya kwangu ilikuwa ya namna gani. Siku ile njiani nilidhani nawapenda watu wa Nzuguni kuliko alivyowapenda Danieli, kwa kuwa mimi nilikuwa tayari kusema uongo kwa ajili yao. Kweli nilikuwa tayari kuwapa chochote, isipokuwa mgongo wangu na kazi yangu. Na hivyo viwili ndivyo vilivyokuwa vikihitajika.