Binadamu wa Wapi?

Jumanne ya wiki iliyopita nilikuwa duka la fotokopi jirani na chuo. Mbele yangu, binti mmoja, mwanafunzi wa falsafa, alikuwa akichapisha memwari yake, ile tasnifu ya kumalizia chuo, juu ya wanafikra na korona. Mama muuza vitenge, aliyekuja kutoa kopi ya kitambulisho, akaomba asomewe kidogo. Binti akasoma kwamba janga lilimfundisha binadamu kuwa kila mtu yuko peke yake.

“Binadamu wa wapi?” mama akauliza.

Binti akafunua ukurasa wa marejeo. “Wa Ulaya, mama. Vitabu vyote ni vya kule.”

“Basi andika wa Ulaya, mwanangu. Kwetu mtaani Buyenzi mutu akigonjwa, tuliwekaga chakula ku mulango, tunarudi nyuma, tunamuongelesha mpaka anacheka. Peke yake, apana.”

Binti naye akacheka, akamwomba mwenye mashine asimamishe kazi. Akaketi kwenye benchi, kalamu mkononi. “Mama, anza mwanzo, polepole.”

Foleni nzima ikaanza kutoa ushahidi, nami nikasahau kopi zangu.

Jana nimekutana tena na binti, kanieleza kwamba profesa wake ameipenda sura mpya ya ushahidi ule, tena amemwalika mama chuoni azungumze na darasa. Mama amejibu kwamba hawezi kufunga duka lake la vitenge. Wanaotaka falsafa waje sokoni. Darasa linakwenda Alhamisi, na mimi nimeomba nafasi.